Sukari Imeshuka

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikokaa miaka yote bila kusumbuliwa na mtu. Mtaani aliitwa Springi. Alibandikwa jina hilo na seremala, jirani yake wa karakana, siku springi ya kochi kuukuu ilipochomoka ghafla kwenye kitambaa, ikampiga kidevuni, naye akarudi kinyumenyume mpaka akakaa ndani ya ndoo ya gundi. Seremala alicheka akashika mbavu, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari. Hata mkewe alimwita hivyo. Akiwa na jambo la upole alimwita Springi, akiwa na jambo la ukali alimwita Baba Watoto, na mwenyewe alijifunza kujiandaa mapema.

Alikuwa fundi makochi. Kochi likija kwake limebonyea katikati, miguu inacheza, sponji inachungulia nje, alilipindua juu chini, akalivua nguo zote, akakaza mikanda ya mpira, akafunga springi kwa kamba mpya, kisha akalivika kitambaa na kukipigilia kwa misumari midogo. Misumari hiyo aliiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo akiwa kazini hakuwa mtu wa maneno. Mkewe, aliyeshona foronya za mito kwa cherehani yake pale pale mlangoni pa karakana, aliujua sana wakati huo. Mambo mazito yote ya ndoa yao, kuanzia shule ya watoto hadi posa ya binti yao, aliyaeleza mumewe akiwa na misumari mdomoni. "Kama unakubali, gonga nyundo," alikuwa akimwambia. Na mwanamume atafanya nini? Nyundo anayo mkononi, na kazi inamsubiri.

Kazi hiyo haifanywi kwa kusimama. Hufanywa kwa magoti, kwa kuinama, kwa kulala chali chini ya kochi huku vumbi la miaka likikuangukia machoni, na ikiisha kuna kulibeba kochi lenyewe hadi kwenye gari la mwenyewe. Mgongo wa Springi ulianza kwa kunung'unika, ukaja kulalamika, mwisho ukagoma. Maumivu yalishuka kwenye paja, yakapita goti, nyayo zikafa ganzi. Ikafika mahali kutoka karakana hadi duka la kona ilikuwa lazima akae chini njiani, popote, hata kwenye ngazi za nyumba za watu. Seremala, ambaye hakuwahi kuona balaa asilitanie, akawa anamwekea kigoda nje. "Fundi makochi anaomba pa kukaa," alisema. "Dunia imekwisha." Lakini wateja wakishaondoka, yeye ndiye aliyemwingizia makochi mazito ndani, moja baada ya jingine, bila kuombwa na bila kusema neno.

Na juu ya mgongo kulikuwa na sukari. Springi alikuwa na ugonjwa huo siku nyingi, wakawa wamezoeana. Ukimuuliza alijibu, "Ninayo, lakini yangu ndogo," kama mtu anayezungumzia shamba. Vidonge vyake alivimeza jinsi mtu anavyomwagilia maua ya jirani aliyesafiri, yaani akikumbuka. Kwa hiyo alipofikishwa kwa daktari wa mgongo, akiwa ameshapiga moyo konde na kukubali kisu, alishangaa kuona daktari anaziacha picha za mifupa mezani na kusoma karatasi ya damu.

"Baba, nikikupasua leo nitakuwa nimekukosea," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapotaka kueleweka. "Mimi nitakata, nitaondoa mfupa unaobana mishipa yako, nitaweka skrubu na vyuma vya kushikilia. Hiyo kazi yangu, naiweza. Kufunga kidonda na kushikanisha mfupa ni kazi ya mwili wako. Damu ikijaa sukari, mwili unafanya kazi hiyo kwa kusuasua, na vijidudu navyo vinapata karamu. Ishushe kwanza, halafu urudi."

"Na hii ganzi ya miguu?"

"Ganzi nyingine ni ya mgongo, nyingine ni ya sukari yenyewe. Ya mgongo nitajaribu kuiondoa. Ya sukari siwezi kukuahidi."

Springi alitoka pale amenuna. Alimwambia mkewe kwamba yeye anaumwa mgongo na watu wanamuuliza habari za chai. Mkewe alilivalia njuga jambo hilo kuanzia jioni ile ile. Sukari ikahama kwenye chai, soda zikahama nyumbani, wali ukapungua ukawa wa kuonja, vidonge vikawa vinamezwa mbele ya macho yake mawili. Akajifunza kumtoboa mumewe kidole na kusoma kimashine, na asubuhi namba ikiwa ya chini alikuwa akiimba anapofagia. "Imeshuka," aliwaambia majirani. "Sukari imeshuka!" Mwenye duka la kona akasema basi akamwambie hivyo na anayemuuzia yeye, maana bei ya sukari ya dukani inapanda tu.

Hatimaye daktari aliridhika, na Springi akapasuliwa. Aliamka amelala ubavu, ana mshono mrefu kiunoni, na lile paja lililomtesa miaka limenyamaza. Alilia kidogo. Alimwambia muuguzi ni moshi, ingawa hapakuwa na moshi.

Kesho yake alifika mama yake.

Mama huyu alikuwa amepika kwenye jiko la shule ya bweni mpaka alipostaafu, na mpaka leo alimpima binadamu kwa sahani. Mtu akimwambia ana huzuni, aliuliza amekula nini. Alimlea Springi peke yake katika chumba cha nyuma ya jiko hilo, na mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa, mwembamba, wa kukohoa kila mvua. Alimtoa kwenye wembamba ule kwa mwiko. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu mwanawe alikuwa hai na ana mabega.

Alimkuta wodini akiwa peke yake, mkewe ametoka kwenda kutafuta dawa. Springi alikuwa amechomwa sindano ya kushusha sukari, kisha chakula kikaja na tumbo likakataa kwa sababu ya dawa za maumivu, akakisukuma pembeni bila kumwambia mtu. Mama alipokaa tu kando ya kitanda, mwanawe alianza kutoka jasho. Mikono ikatetemeka. Akamtazama mama yake machoni na kumwomba nyundo.

"Nyundo ya nini, mwanangu?"

"Kochi la watu litaanguka, mama. Nipe nyundo."

Mama alipiga yowe. Muuguzi akaja mbio, akamtoboa kidole, akatazama kimashine, akageuka na kuita kwa sauti, "Sukari yake imeshuka! Leteni glukosi, haraka!" Kikombe kikaja. Wakamnywesha funda kwa funda. Na mama yule, aliyeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaona kwa macho yake mwenyewe mwanawe anarudi. Jasho likakauka, macho yakatulia, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mama, umekuja saa ngapi?"

Mkewe aliporudi, muuguzi alimwambia tu kwamba mgonjwa hakula baada ya sindano, akashuka kidogo, lakini sasa yuko sawa. Kwa mke, neno kushuka lilikuwa ndilo alilolipigania siku zote hizo, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa na kuendelea kukunja mashuka. Mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni. Yeye alikuwa amelisikia neno hilo hilo, na lilikuwa limemwingia kwa namna yake.

Springi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na kwa kuwa alikatazwa kukaa kwenye kitu laini, fundi makochi huyo akawa anakalia kiti kigumu cha mbao alicholetewa na seremala. "Leo umekiri kazi ya nani ina maana," seremala alimwambia, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati kabla rafiki yake hajakaa. Mama naye alibaki, aliweka mfuko wake wa nguo kwenye chumba cha watoto, akasema ataondoka mwanawe akisimama imara.

Mkewe alipika kama alivyofundishwa. Mboga nyingi, wali wa kikombe, kipande cha samaki, tunda limekatwa vipande vya kuhesabika. Mama mkwe aliitazama sahani ile kila siku na kumeza mate machungu. Hakusema kitu, kwa maana alikuwa mwanamke mwenye adabu na hakutaka kumkosea mkwewe ndani ya nyumba yake. Lakini moyoni alikuwa na hesabu yake. Mtoto amepungukiwa sukari, hospitali nzima imeshuhudia, na hapa nyumbani bado wanamnyima. Akaenda duka la dawa na kununua kopo la glukosi.

Kila alasiri, mke akisharudi kwenye cherehani yake na mlio wake kuanza kusikika kutoka karakana, mama alitoka chumbani na kikombe. Alikikoroga taratibu kijiko kisigonge. Kisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akampa mwanawe mkononi.

"Kunywa, mwanangu. Ndiyo ile iliyokurudisha."

Springi alijua. Tusimtetee sana. Ulimi wake ulikuwa mzima, na kitu kile kilikuwa kitamu kupita kiasi, na yeye alikuwa ametoka kwenye miezi ya chai kavu. Siku ya kwanza alitaka kusema. Akamtazama mama yake, akaona uso ule wa jiko la shule, uso uliokuwa ukimwangalia akimaliza bakuli, na akaona jinsi mama alivyozeeka pembeni mwa macho. Akanywa. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya kunywa, mama alikaa pale na kumsimulia habari za watu waliokwishakufa, akacheka, akamfunika miguu. Springi hakuwa amekaa na mama yake hivyo tangu utotoni, na aliupenda wakati ule kuliko alivyoweza kueleza.

Asubuhi namba zikaanza kupanda. Mkewe alidhani kimashine kimeharibika, akakipeleka kikaangaliwe, kikaonekana kizima. Akapunguza wali. Namba zikapanda. Akaondoa tunda. Springi akazidi kukonda, na mama alipoona mashavu ya mwanawe yanaingia ndani, akaongeza kijiko cha pili kwenye kikombe. Wanawake hao wawili walimpenda mtu mmoja, mmoja anachota na mwingine anajaza, na katikati yao yupo bwana mkubwa kwenye kiti cha mbao, amejifanya hamnazo.

Siku ya kliniki, muuguzi wa vidonda alibandua bandeji na kuinama karibu kuliko kawaida. Alibonyeza kwa kidole chenye glovu pembeni mwa mshono. "Hapa chini umeachia," alisema. "Unatoa maji." Daktari aliitwa. Aliinama, akatazama, akavua miwani.

"Bado ni juu juu. Nitabadilisha dawa na sindano, na utakuja kuoshwa kila mara. Lakini kikizama kikafika kwenye vyuma, nitalazimika kufungua upya. Huenda nikavitoa vyuma vyenyewe. Na mgongo ambao mfupa wake haujashikana, ukivitoa…" Alisoma karatasi ya namba za asubuhi, kisha akamgeukia mke. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama daktari. "Mama, unampa nini huko nyumbani?"

Mke alikumbatia mkoba wake. "Ninachoambiwa, daktari."

Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani, midomo imebana. Springi alikuwa amezoea mke anayesema, akamtupia jicho mara kadhaa.

Alasiri ile cherehani ililia kidogo, ikanyamaza. Springi alisubiri iendelee. Haikuendelea. Alishika fimbo yake, akajiinua, akaburuta miguu uani mpaka karakana. Alimkuta mkewe amekaa na foronya mapajani, ameufumua mshono mmoja mara nyingi mpaka kitambaa kimechanika, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Baba Watoto," alisema, na safari hii hapakuwa na ukali wowote ndani ya jina hilo. "Mimi nimeshindwa. Mboga nachemsha, wali nakupimia, tunda nimeondoa. Asubuhi nikishika kidole chako naogopa kukitoboa, maana najua itakuwa juu. Wakikufungua tena, mimi ndiye nitakuwa nimekupeleka. Labda tumwite binti yetu aje akupikie. Mkono wangu hauna heri."

Springi alisimama pale anatafuta pa kushika. Akisema kweli, mama yake ataaibika mbele ya mkwewe, katika umri ule. Akinyamaza, huyu hapa, ambaye tangu amjue hajawahi kumwona akisema ameshindwa, ataendelea kujila ndani kwa ndani, na kidonda kitaendelea kwenda chini. Alichagua njia ya tatu, ambayo aliiona ya busara sana.

"Si chakula chako," alisema. "Ni mimi. Huwa nakunywa glukosi mchana. Niliinunua mwenyewe."

Mkewe alifuta pua. "Uliinunua wapi?"

"Duka la dawa."

"Hata choo cha uani unafika umeshika ukuta. Duka la dawa ulikwenda na nani?"

"Muongo huyo," sauti ilisema nyuma yao. "Tangu mdogo hajui kuongopa." Mama alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Alikuwa amemfuata mwanawe baada ya kukikuta kiti kitupu. "Mimi ndiye ninayempa, mkwe wangu. Sikutaka kukuudhi. Lakini nilimsikia yule muuguzi kwa masikio haya. Alisema sukari yake imeshuka. Mtoto alikuwa anakufa nikimwona, anaomba nyundo. Wakamrudishia sukari, akapona pale pale. Sasa nije niwaone mnampa chai kavu na majani, ninyamaze? Nikasema nitamrudishia polepole."

Mke alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe, akakitazama kikombe. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko.

"Mama," alisema alipopata sauti, "siku ile ilishuka kwa sababu alichomwa sindano halafu hakula. Ni siku ile tu. Ugonjwa wake ni wa kupanda kwa sukari. Ikipanda ndipo kidonda kinakataa kufunga."

Mama alisimama vile vile. Kisha macho yake yalishuka kwenye kikombe, yakakaa hapo.

"Kwa hiyo kile kidonda," alisema, "ni mimi?"

Mke aliinamia foronya yake.

"Mama, mimi nilijua," Springi akasema haraka. "Nilijua haifai. Nilinyamaza mwenyewe."

"Sasa ulikunywa kwa nini?" wanawake wote wawili waliuliza kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu arudi kutoka hospitali.

Springi alitazama sakafu. "Ulikuwa unafurahi," alimwambia mama yake. "Na ulikuwa unakaa na mimi."

Hapo mkewe alikasirika kikweli, na alikuwa na haki zote. Alimwambia kwamba yeye analia jikoni na kujinyima usingizi, kumbe bwana anakunywa vitamu ili mama afurahi. Kwamba mgongo ukimvunjika hatafurahi mama wala mjomba. Kwamba kama ana ulimi wa kunywea basi anao wa kusemea. Kisha aligeukia cherehani yake akaikanyaga kwa nguvu bila kitambaa chochote chini ya sindano, ikalia tu. Springi alirudi sebuleni peke yake. Alikuwa na mke mwenye hasira, mama mwenye aibu na kidonda kinachovuja, na vyote vitatu alivitaka vipone.

Mama alikuwa chumbani anapanga nguo kwenye mfuko. Mkwewe alimkuta hivyo jioni, akiwa ameshatulia. Alikaa kitandani kando ya nguo zilizokunjwa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwangu, kabla sijamuua."

"Ukienda, nani atatembea naye? Daktari anataka atembee kila siku, miguu nayo inakula sukari. Nikitembea naye mimi namuumiza. Mimi natembea kama nimeacha kitu jikoni, yeye anajikaza kunifuata mpaka anavuja jasho. Wewe ndiye mwendo wenu mmoja." Alichukua gauni moja kutoka kwenye mfuko, akalitundika tena ukutani. "Na barabarani kuna mawe, kuna chupa. Nyayo zake hazisikii. Mtu anatakiwa kumtazamia chini."

Asubuhi, jua likiwa bado pole, mtaa uliwaona wakitoka, mwanamume mwenye fimbo na bibi mwenye ndala, wameshikana mikono. Walikwenda hadi kwa mpiga pasi wakarudi. Kesho wakavuka mpaka kwenye bomba la maji. Mama alitembea ametazama chini, akisukuma kokoto kwa mguu wake kabla mguu wa mwanawe haujafika, na kila alipoona kipande cha bati au kigae alimvuta pembeni bila kukatiza mazungumzo. Seremala alitoa kichwa dirishani. "Mama, usimwachie mkono huyo, atapotea! Mtoto ni mgeni mjini!" Springi, ambaye zamani angeona haya, alimpungia kwa fimbo.

Kikombe kilibaki, ila sasa kilikuwa cha chai kavu, na mama alikunywa kavu vilevile, akikunja uso kila funda kama anayemeza kwinini. Namba za asubuhi zilianza kurudi chini kidogo kidogo. Mama alisimama kando ya kimashine kila siku, na mkwewe akitangaza kwamba imeshuka, aliuliza kwanza, "Imeshuka ya kufurahi au ya kukimbia?" Akiambiwa ya kufurahi, ndipo alipokwenda kuosha vyombo.

Kidonda hakikuwa na haraka na mtu. Kulikuwa na wiki kilipoonekana kinataka kufunga, na wiki kilipovuja tena. Mguu wa kushoto ulianza kusikia, siku moja Springi alikanyaga kokoto akaruka kwa uchungu, na mama yake akaomba radhi kwa kutoiona huku mwanawe anacheka kwa furaha. Wa kulia ulibaki na ganzi yake. Daktari aliugonga kwa kinyundo, akasema huo huenda ni wa sukari, ajifunze kuishi nao na kuutazama kila jioni. Habari za kufungua upya hakuzitaja, na wao hawakumuuliza, kila mtu akaogopa kivyake.

Siku waliyoitwa kwa uamuzi walikwenda wote. Mama alikataa kuingia chumba cha vidonda. Alisema kuna joto, akakaa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti. Ndani, muuguzi alibandua bandeji, akabonyeza juu, akabonyeza katikati, akabonyeza chini pale palipokuwa pameachia. Akamwita daktari. Daktari naye akabonyeza. Kisha muuguzi akakusanya pamba zake na kuzirudisha kwenye trei, na Springi, aliyelala kifudifudi, alisubiri abandikwe bandeji nyingine. Hakuna kilichobandikwa.

"Vaa shati, baba," daktari alisema.

Mkewe alimfunga vifungo, na vidole vyake vilikosea matundu mara mbili.

Springi alitoka koridoni akitembea kwa uangalifu. Mama yake aliinua uso na kumsoma, kama alivyokuwa akimsoma alipotoka shule na matokeo.

"Mshono umefunga, mama," Springi alisema. "Hawatafungua tena."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu kama aliyeelewa. Kisha akajikunja pale pale kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu siku ile ya karakana. Watu waligeuka. "Nilijua nimekuua," alisema kati ya kwikwi. "Kwa mkono wangu huu. Kila siku nilikuwa natembea na wewe najua nimekuua."

Springi alitaka kumwinamia, amshike mabega, lakini mgongo wenye vyuma haukumruhusu na daktari alikuwa bado hajampa ruhusa hiyo. Alisimama wima kama mlango, machozi yanamtiririka, akanyoosha mkono chini kadiri ulivyofika.

"Inuka wewe, mama. Mimi siwezi kuinama."

Mama aliushika mkono ule, akajivuta, akasimama. Alimzungushia mwanawe mkono kiunoni, akapapasa juu ya shati, pole pole, mpaka akaupata mshono.

"Nikigusa unauma?"

"Gusa tu, mama," Springi alisema.